Mirathi ni ya Maiti, si ya Mgonjwa



Ndugu zetu, dada zetu, leo tunazungumza jambo ambalo liko katika nyumba nyingi za Kiislamu, na nyumba nyingi zinalificha. Mzee amepigwa na kiharusi, hasemi tena vizuri. Bibi amesahau, anauliza mumewe ametoka saa ngapi, na mumewe amezikwa zamani. Kijana ameanguka na bodaboda, ameumia kichwa, na tangu atoke hospitali hesabu ndogo ya duka inamshinda. Na kabla hata dawa hazijanunuliwa, kuna mtu katika ukoo ameshauliza swali lake: hati ya shamba iko wapi?

Halafu kinaitishwa kikao. Wanaume wanakaa barazani, chai inaletwa, dalali naye yuko pembeni kama mgeni wa heshima. Karatasi inapelekwa ndani, mzee anashikwa mkono, kidole gumba kinachovywa wino na kugandamizwa. Jioni watu wanaambiana kwamba wamegawana mirathi.

Mirathi gani, na mzee yuko hai?

Tuliweke hili wazi kabla ya lolote lingine. Mirathi ni ya maiti, si ya mgonjwa. Katika sheria yetu, mali ya mtu haifunguki kwa warithi mpaka roho itoke, azikwe, madeni yake yalipwe na wasia wake utekelezwe. Kabla ya hapo, wewe mtoto wa kiume si mrithi, ni mtoto tu. Mali ni ya mzee hata kama hakumbuki kuwa anayo. Na anayesema "alitupa mwenyewe kwa hiba" ajue kwamba hiba inataka mtoaji mwenye akili timamu na ridhaa yake. Hata mwenye akili zake kamili, akiwa katika maradhi ya mauti, mafakihi wameifunga mikono yake: zawadi anazotoa zinahesabiwa kama wasia, hazipiti thuluthi, na hazimfikii mrithi mmoja bila wenzake kuridhika. Sasa ikiwa mgonjwa anayejua analotenda amewekewa mipaka yote hiyo, vipi kidole cha mtu asiyejua leo ni Jumatatu au Ijumaa?

WATU TUNAOWAZUNGUMZIA

Msidhani ni wazee peke yao. Kuna aina nne za watu, na bila shaka unamjua angalau mmoja.

Kuna wazee waliopatwa na maradhi ya kusahau. Kuna walioumia ubongo, kwa kiharusi au kwa ajali, na hapa wengi ni vijana wa rika letu. Kuna ndugu zetu wenye maradhi ya akili, ambao miezi mingine wako sawasawa na miezi mingine hawako. Na kuna waliozaliwa na ulemavu wa akili, ambao jana walikuwa watoto na leo wametimiza miaka 18.

Hili la mwisho linawapata wazazi wengi bila kutarajia. Mama amemlea mwanawe miaka yote, amemsainia shule, hospitali, kila kitu. Siku mtoto anatimiza 18, mbele ya sheria huyo ni mtu mzima, na saini ya mama haina nguvu ile ya jana. Sheria ya Watoto inaruhusu mahakama kurefusha ulezi kupita umri huo kwa mtoto mwenye ulemavu, lakini ni jambo la kuombwa mapema, mtoto akiwa bado hajatimiza 18. Ni wazazi wangapi mtaani kwenu wamewahi kuambiwa hivyo?

Na kabla hatujaendelea, tuache kuwaita watu hawa "wenda wazimu". Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ulimi wako ndio mahakama ya kwanza anayosimama mbele yake.

DINI IMESEMA NINI

Kuna vijana wakisikia "mlinzi wa umma" au "msimamizi wa mahakama" wanaona ni mambo ya kizungu yaliyoletwa kuingilia familia. Wallahi, hawajasoma historia yao.

Sura ya an-Nisaa, aya ya 5, inatukataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na papo hapo inaamrisha walishwe na wavishwe kutokana na mali hiyo hiyo na wazungumzishwe kwa maneno mema. Angalia utaratibu huo. Mali inalindwa, lakini faida ni ya mwenyewe, na heshima yake haishuki. Aya ya 6 inazungumzia mayatima na inamwambia mlezi tajiri ajizuie kugusa mali ile, na maskini achukue kwa kiasi cha wema, kisha siku ya kukabidhi waweko mashahidi. Al-Baqara, aya ya 282, ile ndefu ya madeni, inamtaja mtu ambaye akili yake ni pungufu, au ni dhaifu, au hawezi kutamka, na inamtaka walii wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu, na jambo liandikwe, na washuhudie watu.

Kuandika, mashahidi, uadilifu. Ni kinyume kabisa cha kikao cha barazani na wino wa kidole.

Na je, asiye na ndugu? Au mwenye ndugu ambao wao wenyewe ndio mchwa? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha katika mambo ya ndoa kwamba mtawala ni walii wa asiye na walii. Maulamaa wakaujenga msingi huo mbali zaidi. Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 1058, alipoorodhesha kazi za kadhi katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya, aliitaja hii waziwazi: kadhi awe na ulinzi juu ya wale waliozuiliwa kutumia mali yao kwa sababu ya wazimu au utoto, na amzuie anayestahili kuzuiliwa ili mali isipotee. Yaani karibu miaka elfu moja iliyopita, Muislamu aliyepoteza akili alikuwa na ofisi ya serikali inayomlinda. Sisi wa leo tunamwachia shemeji mwenye sauti kubwa.

SHERIA YA KENYA IMESEMA NINI

Tunayo sheria, na vijana wengi hawaijui. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022, inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kutoa amri mbili kuhusu mtu ambaye maradhi yamemfanya asiweze kusimamia mambo yake. Amri ya kwanza ni juu ya mali yake: nani aisimamie. Ya pili ni juu ya yeye mwenyewe: nani awe mwangalizi wake. Mahakama inaweza kumteua jamaa wa karibu au mtu mwingine anayefaa.

Na kama hakuna jamaa anayejulikana wala mtu anayefaa? Hapo kifungu cha 26 kinataja ofisi moja kwa jina: Mdhamini wa Umma, ambaye yuko chini ya Mwanasheria Mkuu. Mahakama inaweza kuamuru yeye ndiye awe msimamizi wa mali na mwangalizi wa mtu huyo. Huyo ndiye walii wa umma wa Kenya. Yuko kwenye karatasi tangu kabla wengi wetu kuzaliwa.

Na msimamizi, awe ni mtoto wa mgonjwa au ni serikali, hapewi kisu na nyama. Haruhusiwi kuuza, kuweka rehani, kutoa zawadi wala kubadilisha ardhi ya mgonjwa bila ruhusa maalum ya mahakama. Hawezi kuikodisha kwa zaidi ya miaka mitano bila ruhusa hiyo. Katika miezi sita tangu kuteuliwa, anatakiwa apeleke mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma orodha ya mali yote, pesa zote na madeni yote. Kisha kila mwaka, katika miezi mitatu baada ya Disemba 31, apeleke hesabu. Na yeyote akiona hesabu ina harufu, anaweza kwenda mahakamani kuipinga, na msimamizi akaitwa ajibu.

Soma tena aya ya 282 halafu usome sheria hii. Utaona vinazungumza lugha moja.

SASA MBONA HAISAIDII

Kwa sababu haki iliyo mbali ni kama maji ya kisima kisicho na kamba.

Kwanza, ombi hili linapelekwa Mahakama Kuu. Haliishii kwa chifu, wala kwa hakimu wa mji mdogo. Mtu wa Kiunga au Faza ahesabu nauli ya boti, nauli ya basi, mahali pa kulala, wakili, ripoti ya daktari wa akili. Mama anayeuza mahamri anayapata wapi yote hayo? Na ikiwa mgonjwa ana vitu vidogo tu, tuseme ploti moja na akaunti yenye elfu thelathini, gharama inaweza kuimeza mali yenyewe.

Pili, Mdhamini wa Umma anajulikana kwa mali za marehemu. Ukiuliza mitaani, waliowahi kusikia jina hilo watakwambia ni ofisi ya kufuatilia pesa za aliyekufa. Kwamba ofisi hiyo hiyo ina kazi juu ya walio hai, ni siri iliyo wazi. Hatuna nchini ofisi yenye kazi hiyo peke yake, kama ile ambayo Uingereza iliianzisha 2007 na Singapore 2010, ofisi ambayo kazi yake ya asubuhi hadi jioni ni kuwaangalia wasimamizi wa watu wasioweza kuamua, kukagua hesabu zao na kupokea malalamiko.

Tatu, na hili tuliseme bila kuuma maneno, mzigo na mamlaka havikai mahali pamoja. Anayemwosha mzee, kumbadilisha nguo, kumlisha uji na kukesha naye ni binti yake au mke wa mwanawe. Wanaokaa kikao cha kuamua shamba liuzwe ni watoto wa kiume, mmoja kaja na ndege na kesho anarudi. Mwenye laini ya simu ya mzee na namba yake ya siri ni mwingine kabisa, na ndiye anayepokea ile elfu mbili ya kila mwezi ya Inua Jamii. Binti akiuliza pesa za nepi, anaambiwa avumilie, ana ujira kwa Mungu. Ujira upo, inshaallah. Lakini nepi zinauzwa dukani, na pesa ni za mzee.

"MAMBO YA FAMILIA HAYAPELEKWI KORTINI"

Mtatuandikia hivyo, tunajua. Tunaheshimu wazee wanaosema hivyo, kwa sababu wameona kesi za ndugu zikila miaka na kuacha watu hawasalimiani hata Idi. Sulhu ni bora, na Katiba yenyewe katika ibara ya 159 inazitaka mahakama zihimize upatanishi.

Lakini sulhu ni baina ya watu wawili wanaoweza kusema. Hapa mwenye haki hawezi kusema. Mkikaa ndugu sita mkakubaliana kwa furaha kuuza shamba la baba, hiyo si sulhu, hiyo ni makubaliano ya watu sita juu ya mali ya mtu wa saba ambaye hakuulizwa. Aibu ya kwenda kortini ni ndogo kuliko aibu ya kusimama mbele ya Allah na deni la mtu ambaye kalamu yake ya dhambi ilikuwa imeinuliwa.

Na kuna hesabu ya dunia pia. Mauzo yaliyofanywa kwa kidole cha mtu asiye na akili timamu yanaweza kubatilishwa. Mnunuzi atakuja kudai pesa zake, na pesa zimeshajenga nyumba ya mtu Mtwapa. Ugomvi mliouogopa utakuja miaka kumi baadaye, ukiwa na riba.

"SERIKALI NDIYO TUIAMINI?"

Hili ndilo swali zito, na kwenye harakati kama yetu ni swali la haki. Sisi ndio tuliozoea kuandika habari za vijana waliochukuliwa usiku na vitambulisho vilivyocheleweshwa. Leo tunasema serikali iwe walii wa baba yako?

Jibu letu lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: ulinzi unaweza kugeuka gereza, na si serikali tu inayoweza kufanya hivyo. Vijana mnaikumbuka kesi ya Britney Spears kule California. Tangu 2008 hadi Novemba 2021, mwanamke mzima aliyekuwa akipanda jukwaani kuimba na kuingiza mamilioni, hakuwa na amri juu ya pesa zake wala maisha yake, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliyeshika mamlaka alikuwa baba yake mzazi. Miaka 13. Kwa hivyo anayesema familia peke yake inatosha, na anayesema mahakama peke yake inatosha, wote wawili watazame hapo. Kinachomlinda mgonjwa ni hesabu kuwa wazi na mlango wa kulalamika kutofungwa, yeyote awe mlinzi.

Ndiyo maana dunia imebadilisha fikra. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 12 ya mkataba huo inasema mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mbele ya sheria, na kazi ya nchi ni kumsaidia aamue, kabla ya kukimbilia kumwamulia. Mwaka 2014 kamati inayosimamia mkataba iliandika wazi kwamba mifumo ya kumvua mtu uamuzi wake wote inapaswa iondoke. Hata Uingereza, ambako ofisi ya mlinzi wa umma ina nguvu, sheria yao ya 2005 inaanza kwa kusema kila mtu achukuliwe kuwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vingine, asaidiwe kwanza kwa kila njia inayowezekana, na uamuzi ambao wewe unauona wa kijinga si ushahidi kwamba hana akili.

Shika hilo. Uwezo wa kuamua hauwi wote au sifuri. Bibi anaweza asijue bei ya ploti, lakini anajua vizuri anataka kuishi na binti gani, anataka kuswali wapi, na hataki kuhamishwa kutoka nyumba aliyozalia watoto wake. Aulizwe. Aulizwe asubuhi akiwa ametulia, aulizwe kwa lugha yake ya Kibajuni au Kigiriama au Kisomali, aulizwe tena kesho. Na ndugu mwenye maradhi yanayokuja na kuondoka, akiwa na nafuu aandike mapema anachotaka afanyiwe siku akizidiwa. Jina la ugonjwa kwenye karatasi ya hospitali halimfanyi mtu kuwa mtoto.

Sehemu ya pili ya jibu: hatusemi serikali iwe ya kwanza. Tunasema iwe ya mwisho, lakini iwepo. Jamaa mwema ndiye wa kwanza. Rafiki, jirani, imamu anayeaminika, ndiye wa pili. Lakini kuna mzee aliyekuja mjini miaka hamsini iliyopita kufanya kazi bandarini, hana mke, hana mtoto, analala nyuma ya duka na akiba yake iko benki ambako hawezi tena kwenda kuidai. Kuna mama ambaye watoto wake wote ndio walioshika kidole chake. Watu hawa wakikosa walii wa umma, walii wao atakuwa dalali. Kutoiamini serikali si sababu ya kuisamehe kazi yake. Ni sababu ya kuisimamia ifanye kazi hiyo mbele ya macho yetu.

TUNACHODAI

Tunadai Mwanasheria Mkuu na Bunge waweke kitengo maalum cha ulinzi wa watu wazima wasioweza kuamua, chenye maafisa wake, kisichochanganywa na mafaili ya marehemu, na kiwe na dawati katika kila kaunti.

Tunadai maombi madogo, yale ya pensheni, akaunti moja au ploti moja, yaweze kusikilizwa na mahakama za chini zilizo karibu na watu, kwa fomu rahisi ya Kiswahili, bila kulazimika wakili.

Tunadai kadhi ahusishwe. Katiba, ibara ya 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kwenda kwake. Kadhi ndiye anayekutana na familia hizi zinapokuja kugawana kabla ya wakati. Pawe na njia rasmi ya yeye kulipeleka jambo Mahakama Kuu au kwa Mdhamini wa Umma, badala ya kuwaambia watu warudi nyumbani wakapatane.

Na tunadai kila atakayeteuliwa, awe mtoto au serikali, amuulize mgonjwa anachotaka na aandike jibu lake kwenye hesabu ya mwaka.

WEWE UFANYE NINI

Wewe unayesoma hii kwenye simu, huhitaji kusubiri Bunge.

Ukiletewa karatasi utie saini kama shahidi wa kidole cha mtu ambaye hajitambui, kataa. Kataa kwa adabu, "samahani ami, hili siliwezi", lakini kataa. Bila shahidi, ule uuzaji unayumba.

Kukiwa na hofu kwamba ardhi inauzwa kwa hila, andika barua kwa msajili wa ardhi na uambatishe karatasi ya daktari. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa msajili uwezo wa kuweka kizuizi kuzuia udanganyifu. Barua ni bei nafuu kuliko kesi.

Usidanganywe kwamba ile hati ya uwakala aliyoandika baba akiwa mzima inatosha milele. Kwa sheria za nchi, uwakala wa kawaida unakufa pale akili ya aliyeutoa inapoondoka. Kwa fiqhi ni hivyo hivyo. Kaka anayeendelea kuitumia hati hiyo, hata kwa nia njema, amesimama hewani. Aende mahakamani apate amri inayomlinda yeye pia.

Kama mali ni ya maana na mgonjwa hana uwezo wa kuamua, familia ikae kikao cha haki: imchague mmoja, ikiwezekana yule anayemhudumia kila siku, apelekwe Mahakama Kuu na ripoti ya daktari na viapo vya ndugu wengine. Msio na pesa za wakili, ulizieni Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016. Na kama hakuna ndugu wa kuaminika, kumbuka ibara ya 22 ya Katiba: mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea haki za mtu asiyeweza kujitetea kwa jina lake. Mtu yeyote, yaani hata wewe jirani.

Anayeshika simu ya mzee aweke daftari. Tarehe, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, dawa, nepi, chakula. Shilingi kwa shilingi, na ndugu wote waione kwenye grupu la familia. Mwaminifu hachukizwi na daftari, daftari ndiyo shahidi yake.

Na mwambie imamu wenu. Khutba moja ya Ijumaa juu ya aya ya 5 ya an-Nisaa itaokoa mashamba mengi kuliko mawakili kumi.

Tuna kizazi cha wazee wanaoondoka na kumbukumbu zao kidogo kidogo. Ibara ya 57 ya Katiba imewaahidi waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, na wapate matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali. Imesema familia na serikali, wote wawili. Tutaidai serikali kwa sauti, barazani na mahakamani. Sehemu ya familia inaanza leo jioni, ukifika nyumbani.

Ya Allah, wahifadhi wazee wetu na wagonjwa wetu, na usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaokula haki ya asiyeweza kuidai. Aamin.

Kama familia yenu inapitia jambo hili, tutumieni ujumbe faraghani. Msitaje majina kwenye maoni, heshima ya mgonjwa ni amana. Wasalaam.